Maswali ya Wasomaji: Darubini, kilengeo chake na mwezi mwandamo

Kila Shaaban inapokaribia kumalizika darubini hutolewa makabatini, na barua hutujia. Za safari hii nyingi zina lalamiko moja kwa maneno tofauti: darubini ipo, mbingu safi, mwezi haupatikani. Nani shahidi na ushahidi gani unakubaliwa, hayo ni ya masheikh na Ofisi ya Mufti. Sisi tunajibu yanayohusu skrubu, lenzi na miguu ya stendi, kwa sababu huko ndiko jioni nyingi zinakopotelea.

Assalaam aleikum. Mwanangu ameniletea darubini ya lenzi, ubavuni imeandikwa 70/700. Juu yake kuna kidarubini kidogo cha kulengea chenye alama ya msalaba ndani. Nikiuweka mwezi katikati ya msalaba, darubini kubwa inaonesha kiza kitupu. Nimezungusha skrubu zake mpaka moja imekatika. Je, kimeharibika?
*Mzee wa Wete, Pemba*

Waaleikum salaam, mzee wetu. Hakijaharibika. Kilengeo hakitoki kiwandani kikiwa kimelingana na darubini yake. Kila kikifungwa lazima kilinganishwe, na kazi hiyo hufanywa mchana. Usiku mwezi hautulii: mbingu nzima husogea nyuzi 1 kila dakika 4, na kwa lenzi yako ya jicho (ile ya kutazamia) ya 10 mm mwezi utakuwa umeshatoka kwenye picha kabla hujamaliza skrubu ya pili. Kitu cha ardhini kinakusubiri.

Anza na kitako. Kilengeo huchomekwa kwenye kiatu kilichofungwa juu ya bomba, kikakazwa kwa skrubu moja ya ubavuni. Kikaze kwa vidole, kisha kitikise. Kikicheza hata kidogo, kila utakachokifanya baadaye ni kazi bure. Viatu vya plastiki mara nyingi huwa na nafasi. Kata kipande chembamba cha bati la kopo la soda, kitie kati ya kitako na kiatu, kaza tena.

Sasa angalia pete. Kama kilengeo kinashikwa na pete mbili zenye skrubu tatu tatu, kaza za pete ya mbele sawasawa mpaka bomba lake likae katikati, kisha usiziguse tena. Kulenga kunafanywa kwa pete ya nyuma peke yake. Kama kuna pete moja yenye skrubu mbili na kijiti cha springi, basi springi ndiyo inayosukuma na skrubu ndizo zinazozuia. Kilengeo cha namna hii huwa na mpira mwembamba wa mviringo kwenye mfereji wa bomba, mbele ya skrubu. Mpira huo ukipotea, na hupotea sana, kilengeo kinaelea na hakitashika popote.

Skrubu yako ilikatika kwa sababu ulikaza moja bila kulegeza nyengine. Legeza kwanza iliyo upande unaotaka bomba liende, robo mzunguko tu, ndipo ukaze zilizo upande wa pili. Ya kubadilisha utaipata kwa fundi redio. Nenda na nzima moja apime uzi wake, na akiwa nayo chukua ya nailoni au ya shaba. Ya chuma itashika kutu kwa hewa ya bahari, na ncha yake italikwaruza bomba.

Kulinganisha kwenyewe ni hivi. Toa darubini nje alasiri, jua likiwa nyuma yako, na uchague ncha ya kitu kilicho umbali wa kilomita 1 au zaidi: mnara wa simu, mnara wa msikiti, mlingoti. Usichague ukuta wa jirani. Kilengeo kipo kama sentimita 12 juu ya mstari wa kati wa bomba kubwa. Ukivilinganisha viwili hivyo kwenye kitu cha mita 20, umevifanya vikutane hapo, na mbinguni vitapishana kwa theluthi moja ya nyuzi. Mwezi mzima upana wake ni nusu nyuzi tu. Kwa kilomita 1 kosa hilo linashuka chini ya sehemu moja ya sitini ya nyuzi, wala hulioni.

Tia lenzi ya jicho ya 25 mm. Kukuza kwake ni ile 700 ya ubavuni, ambayo ni urefu wa fokasi ya darubini kwa milimita, gawa kwa 25, yaani mara 28, na picha yake ina upana wa nyuzi 1.8 hivi. Tafuta ncha ya mnara kwa darubini kubwa, ukiliongoza bomba kwa macho tu. Ikipatikana iweke katikati, funga vishikio vya stendi, kisha tazama tena, maana mara nyingi bomba hushuka kidogo wakati wa kufunga. Ncha ikiwa bado katikati, nenda kwenye kilengeo na, bila kuligusa bomba kubwa, lete msalaba kwenye ncha ile ile kwa skrubu peke yake. Picha ya kilengeo cha kawaida imepinduka juu chini na kulia kushoto, kwa hiyo mwanzo utahisi msalaba unakwenda kinyume. Endelea polepole, mkono utazoea. Rudi kwenye darubini kubwa uhakikishe ncha haijahama. Hapo badilisha lenzi, tia ya 10 mm, na urudie yote. Mzunguko huu wa pili ndio unaofanya kazi kweli. Wengi huishia wa kwanza, kisha wanashangaa.

Kama picha ndani ya kilengeo ina ukungu, usikimbilie kuifuta. Nyuma ya lenzi yake ya mbele kuna pete ya kufungia. Ilegeze, zungusha kichwa cha lenzi taratibu mpaka kitu cha mbali kiwe kikali, kisha kaza pete. Halafu sogeza jicho kushoto na kulia: msalaba ukitembea juu ya mnara, fokasi bado haijakaa.

Ukisafiri nayo, hata kutoka Wete mpaka Chake kwa gari, ilinganishe upya ufikapo. Mtikisiko wa njiani unatosha kuihamisha.

Sisi ni vijana wa madrasa. Kilengeo tumekilinganisha kwa mnara wa taa wa hapa kwetu na kipo sawa. Lakini jioni ya tarehe 29 tunatafuta nusu saa nzima hatuoni kitu, na kesho yake mwezi uko juu na ni mkubwa. Tunakosea wapi?
*Vijana wa Nungwi, Unguja*

Kwanza hakikisheni kwamba jioni hiyo mwezi wa kutafutwa ulikuwepo. Baada ya kukutana na jua, mwezi hujitenga nalo kwa takribani nusu nyuzi kila saa. Mfaransa André Danjon alionesha katika miaka ya 1930 kwamba ukiwa karibu na jua kwa chini ya nyuzi 7 hivi, ukingo unaong'aa haujitokezi kabisa, na darubini haibadilishi hilo. Mwezi wenye saa 12 tangu kukutana na jua hamtauona, na jioni ya pili una saa 36, uko juu na unaonekana na kila mtu. Ukubwa wake wa kesho hausemi lolote kuhusu jana. Programu ya simu kama Stellarium itakupeni saa ya kuzama kwa jua, saa ya kuzama kwa mwezi na umbali kati yao. Yaandikeni mapema kwenye karatasi, kwa sababu mwanga wa simu wakati wa kutafuta unaliharibu jicho.

Kama umbali ni nyuzi 9, 10 au zaidi na bado hamkuuona, tunashuku fokasi. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na halijitangazi. Mwezi mwembamba uliotoka kidogo kwenye fokasi hauonekani kama mwezi wenye ukungu. Mwanga wake mdogo hutawanyika kwenye mng'aro wa machweo ukapotea kabisa, na mtazamaji anapita juu yake mara tano bila kujua. Na fokasi ya mnara wa taa siyo fokasi ya mwezi. Kwa darubini yenye urefu wa fokasi wa 700 mm, kitu kilicho kilomita 1 kinaitoa lenzi ya jicho nje kwa nusu milimita kuliko kitu cha mbinguni, na nusu milimita hiyo inatosha kukunyimeni.

Dawa yake ni penseli. Usiku wa tarehe 27 au 28 lengeni nyota yoyote angavu kwa lenzi ya 25 mm, zungusheni gurudumu la fokasi mpaka nyota iwe nukta ndogo kabisa, kisha pigeni mstari mwembamba kwenye bomba la ndani pale linapoingilia la nje. Jioni ya kutafuta rudisheni kwenye mstari huo na mfunge. Mstari huo ni wa lenzi ile ile tu. Ya 10 mm itataka mstari wake. Kama Zuhura ipo magharibi jioni hiyo, mnayo fokasi bora zaidi bila kungoja nyota. Ikikosekana, meli iliyo mbali sana baharini, kilomita 5 na zaidi, itakufikisheni karibu.

Halafu ni wapi pa kuangalia. Dira za simu hupotoka karibu na chuma, na miguu ya stendi ni chuma. Tumieni jua lenyewe. Stendi ikishakaa, mmoja wenu asimame nyuma yake na mwengine apige kijiti mchangani mita 10 mbele, sawa na pale jua linapozamia, bila chombo chochote jichoni. Hicho ndicho kianzio chenu. Karatasi inakwambieni mwezi uko nyuzi ngapi kushoto au kulia ya hapo. Ngumi iliyokunjwa, mkono umenyooshwa, ni nyuzi 10 hivi, na ncha ya kidole kidogo ni nyuzi 1. Huku kwetu, nyuzi 5 na 6 kusini ya ikweta, jua na mwezi huzama karibu wima, huku vikielemea kushoto kidogo, kama nyuzi 1 kwa kila nyuzi 10 za kushuka. Hiyo ni neema ambayo watu wa Ulaya hawana, kwani kwao mwezi huzama kwa mshazari mrefu. Kwetu kwa kawaida mwezi unakuwa karibu juu ya pale jua lilipozama.

Msitafute tangu jua linapozama mpaka mchoke. Mwingereza Bernard Yallop alitoa kanuni mwaka 1997 ambayo bado inatumika sana: chukua muda kati ya kuzama kwa jua na kuzama kwa mwezi, uzidishe kwa 4, ugawe kwa 9, uongeze kwenye saa ya kuzama kwa jua. Jua likizama saa 12:30 na mwezi saa 1:15, muda ni dakika 45, na 4/9 yake ni dakika 20. Saa bora ni 12:50. Kabla ya hapo mbingu bado ina mwanga mwingi, na baada ya hapo mwezi unaingia kwenye vumbi na mvuke wa upeo wa macho. Dakika kumi kabla na kumi baada ndizo za kufa na kupona. Mgawane swala na zamu mapema ili pasiwepo mvutano.

Katika dakika hizo mmoja apitishe darubini ya macho mawili ya 7x50, ambayo picha yake ina upana wa nyuzi 7 hivi, na mwengine darubini kubwa. Mwenye kubwa apandishe na kushusha kwa mistari ya wima, kila mstari ukiula uliotangulia nusu, na asimame sekunde tatu nne kila pahala. Jicho linaloburuzwa halikamati ukingo mwembamba. Mwezi ukionekana kwa kioo, elezeni ulipo kwa kutumia wingu au mnazi ulio chini yake, na wengine wajaribu kwa macho matupu kuanzia hapo.

Kusi likivuma picha inatetemeka hata siwezi kutazama. Ninunue stendi mpya?
*Msomaji wa Kizimkazi*

Bado. Rudisha miguu ndani mpaka mwisho na utazame ukiwa umekaa kwenye kiti. Sehemu nyembamba za miguu ndizo zinazotetemeka. Ning'iniza mfuko wa mchanga wa kilo 4 au 5 chini ya sahani ya katikati, uguse ardhi kidogo ili usibembee. Pwani weka kipande cha mbao chini ya kila mguu, vyenginevyo stendi itazama upande mmoja na kulinganisha kwako kutakwenda na maji. Kisha gonga bomba kwa kidole: mtikisiko ukiisha ndani ya sekunde 3, stendi inafaa. Ukichukua zaidi ya 5, kaza boliti za juu ya miguu, maana hulegea zenyewe.

Tulipouona mwezi kwa darubini, mmoja alisema pembe zake zinaangalia chini, mwengine akasema zinaangalia juu. Wakakataliwa wote wawili. Nani alisema kweli?
*Msomaji wa Chake Chake*

Huenda wote. Inategemea kila mmoja alitazama kwa chombo gani. Kwa macho matupu, huku karibu na ikweta mwezi mchanga hulala kama dau, pembe juu, tumbo linalong'aa likielekea jua lililozama. Darubini ya macho mawili haipindui kitu, pembe zitabaki juu. Darubini ya kioo, ile ambayo unatazamia ubavuni karibu na mdomo wake, na kilengeo cha moja kwa moja vinapindua picha yote, kwa hiyo pembe zitaangalia chini. Darubini ya lenzi yenye kioo cha pembe nyuma inaacha juu kuwa juu lakini inageuza kulia kuwa kushoto. Anayechukua maelezo ya mtazamaji amuulize kwanza alitazama kwa chombo gani, na aandike jibu hilo pembeni ya mchoro.

Mtoto wangu ana darubini ndogo ya zawadi. Ndani ya boksi kuna kioo cheusi cha kuchomeka kwenye lenzi ya jicho, kimeandikwa kuwa cha kutazamia jua. Ni salama?
*Mama wa Jambiani*

Si salama, dada yetu. Kivunje leo na ukitupe. Lenzi ya mbele inakusanya joto lote la jua na kulileta karibu kabisa na pale kioo hicho kinapokaa. Kikipata joto hupasuka ghafla, na jicho lipo sentimita 2 nyuma yake. Sehemu ya jicho inayoungua haina maumivu, mtoto hatapiga kelele. Kichujio cha jua hufunika lenzi ya mbele yote, kabla mwanga haujaingia, na kile cha kutazamia kwa jicho kinapitisha sehemu 1 tu kati ya 100,000 ya mwanga. Hata kikiwepo hicho, kifuniko cha kilengeo kibaki kimefungwa, maana kilengeo nacho ni darubini.

Hili linawahusu pia watafuta mwezi. Vifuniko vyote viwili vibaki mahala pake mpaka ukingo wa juu wa jua uzame wote.

Skuli yetu imepewa darubini ya kioo ya 114/900 yenye stendi ya ikweta, ina uzito wa chuma upande wa pili. Maelekezo yanasema tuielekeze kwenye Nyota ya Kaskazini na kuweka kipimo cha latitudo. Tukiweka 6 kama ramani inavyosema, uzito unagonga mguu wa stendi.
*Mwalimu wa sayansi, Makunduchi*

Mwalimu, maelekezo hayo yameandikwa kwa watu wa nyuzi 40 na 50 kaskazini. Nyota ya Kaskazini huku iko chini ya upeo wa macho, hamtaiona. Mhimili wa stendi ya ikweta hulengwa kwenye ncha ya mbingu, na ya kwenu ni ya kusini, nyuzi 6 tu juu ya upeo, na mhimili ukilala namna hiyo uzito lazima ugonge mguu. Kipimo kimewekwa sawa. Stendi ndiyo haikutengenezwa kwa ajili ya hapa.

Njia nyepesi ni kuacha mambo ya ikweta. Stendi nyingi za namna hii zinakubali kupandishwa mpaka 90. Legezeni boliti ya latitudo huku mmoja ameshika bomba kwa mikono miwili, simamisheni mhimili wima kabisa, kazeni. Sasa kitasa kimoja kinapeleka kushoto na kulia, kingine juu na chini, na wanafunzi wataielewa kwa dakika tano. Halafu sawazisheni: fungueni vishikio vyote na musogeze uzito, kisha bomba ndani ya pete zake, mpaka darubini ibaki popote inapoachwa. Fanyeni hivyo lenzi ya jicho na kilengeo vikiwa vimeshafungwa, kwani gramu zao zinahesabika. Kama kipimo chenu hakifiki 90, ubao wa mbao wenye mhimili wa boliti, wa kusimamisha bomba juu ya meza, fundi seremala anautengeneza kwa siku moja.

Ninayo darubini ya bunduki ya upepo, 3-9x40, bunduki yenyewe haipo tena. Naweza kuifunga juu ya darubini yangu badala ya kilengeo kilichovunjika?
*Msomaji wa Donge*

Unaweza, na inafanya kazi vizuri ikifungwa kwa utaratibu ule ule wa bunduki. Faida yake ni kwamba picha haipinduki. Jicho pia hukaa sentimita 8 hadi 10 nyuma, mwenye miwani hahitaji kuivua. Iweke kwenye kukuza mara 3. Hapo upana wa picha ni nyuzi 6 hivi, lakini kwa mara 9 unabaki nyuzi 2 tu, na hicho si kilengeo tena.

Pete zake zimetengenezwa kwa reli, na darubini ya mbinguni haina reli. Mwambie fundi akufungie kipande cha reli inayolingana na pete zako (za bunduki ya upepo nyingi ni za milimita 11) juu ya kitako cha kilengeo kilichovunjika, ukichomeke kwenye kiatu kile kile. Asitoboe bomba la darubini lenzi ikiwa ndani, chembe za chuma zitaikwaruza.

Fungua pete, laza bomba, na kabla ya kukaza tazama: mstari wa wima wa msalaba lazima ufuate njia ambayo kitu kinapita unapopandisha na kushusha darubini kubwa. Mstari huo ukiwa umeinama, kila marekebisho ya juu yatakupeleka pembeni pia. Kaza skrubu za pete kwa kupishana pembe kwa pembe, nusu mzunguko kila moja, nafasi ya pande mbili ikibaki sawa. Nguvu ya vidole kwenye upande mfupi wa ufunguo wa L inatosha. Ukizidisha, bomba litabonyea na lenzi za ndani hazitasogea tena.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Visu vya marekebisho, yaani vitasa vidogo vya kuzungusha, kile cha juu na cha ubavuni, kwa kawaida kila mlio ni robo ya dakika ya nyuzi (dakika 60 ni nyuzi 1), yaani kwenye mita 100 msalaba unahama milimita 7. Kuvuka upana wa mwezi mzima ni milio 124 hivi. Na safari yote ya kisu, mwanzo hadi mwisho, aghalabu ni kama nyuzi 1 tu. Kwa hiyo huwezi kurekebisha upotofu mkubwa kwa visu. Ukijaribu, vitafika mwisho na msalaba utaanza kuruka bila mpangilio. Zungusha kila kisu mpaka mwisho mmoja, rudi mpaka mwisho wa pili ukihesabu milio, kisha rudi nusu. Visu vikiwa katikati, leta msalaba karibu na mnara kwa kutia vipande vya bati chini ya reli, mbele au nyuma. Zikibaki dakika 10 au 15 za nyuzi, ndipo umalizie kwa visu.

Utaona msalaba ukihama kidogo ukisogeza jicho, kwa sababu darubini hiyo ilitengenezewa shabaha ya makumi ya mita. Kwa lenzi ya mm 40 kosa hilo halizidi dakika 2 au 3 za nyuzi na mwezi una 31, halikudhuru. Mwisho, ina uzito karibu mara mbili ya kilengeo cha kawaida. Sogeza bomba la darubini ndani ya pete zake mpaka lisawazike.

Ndani ya lenzi yangu kumeota kitu kama utando wa buibui. Nimeifuta nje na bado upo. Nifanyeje, na nimeambiwa kuiweka kwenye mchele kunasaidia.
*Msomaji wa Mkoani*

Hiyo ni kuvu. Huota kwenye unyevu, giza na hewa isiyotembea, na kabati la nyumba ya pwani lina yote matatu. Mchele hauvuti unyevu wa kutosha, na unaacha vumbi la wanga ambalo ni chakula cha hiyo hiyo kuvu. Pata boksi la plastiki lenye mpira mdomoni, tia gramu 200 hivi za silika, zile chembe zinazobadilika rangi zikishiba maji. Zikibadilika zitandaze kwenye sinia, zikae jikoni kwenye oveni ya nyuzi joto 120 kwa saa mbili, zirudishe. Darubini isiingie boksini mara tu baada ya kutoka pwani. Iache saa moja chumbani bila vifuniko ikauke kwanza. Na ikitoka kwenye chumba cha kiyoyozi kwenda nje, ibaki ndani ya mfuko wake nusu saa, la sivyo lenzi itatokwa jasho mbele ya macho yako.

Kuisafisha: kama kuvu iko kwenye lenzi ya jicho, fundi wa kamera anaifungua. Kama iko kwenye lenzi kubwa ya mbele, ujue kwamba hizo ni lenzi mbili zilizopangwa kwa mpangilio wake, na zikirudishwa upande siyo, au moja ikizunguka kuliko ilivyokuwa, picha haitakaa tena. Usizitenganishe bila kwanza kupiga mstari wa penseli ubavuni unaovuka zote mbili, na mshale unaoonesha upande wa mbele. Puliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, usitumie mdomo. Lowesha pamba safi kwa spiriti isiyo na rangi, ipitishe mara moja kutoka katikati kwenda nje bila kukandamiza, kisha itupe, chukua nyengine. Alama nyembamba itakayobaki baada ya hapo ni pale kuvu ilipokwisha kuula mpako wa lenzi. Iache hivyo, maana kuisugua kunaongeza mikwaruzo, na mwezi utauona nayo.